"Somo Limeeleweka": Mwalimu Anapoamua Kuhakikisha

Aliyesoma shule ya msingi ya serikali huku kwetu anaujua wimbo huu. Mwalimu: "Makao makuu ya nchi yetu yako Do...?" Darasa zima: "...domaaa!" Mwalimu: "Jua linachomoza masha...?" Darasa: "...rikiii!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!" Kengele inagongwa, chaki inarudi kwenye boksi. Baadaye ofisini mwalimu anakamilisha andalio la somo, anafika kwenye vile visehemu vya chini kabisa, tathmini na maoni, na anaandika alichoandika jana na juzi: Somo limeeleweka vizuri.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Haikuwa uongo hasa. Kisehemu kilitakiwa kijazwe, nami nilikijaza. Lakini mtu angeniuliza, "Umejuaje?", ningekosa la kumjibu. Nilisikia sauti za watoto themanini na kitu, sikujua ni wangapi waliokuwa wakiitikia jibu na wangapi waliokuwa wakiitikia mwitikio wa wenzao.

Utafiti tendaji unaanzia kwenye swali hilo la "umejuaje". Mwalimu anachagua jambo moja katika ufundishaji wake mwenyewe, anakusanya ushahidi wa kinachotokea kweli darasani, anabadili kitu kimoja, anatazama tena, kisha anaamua la kufanya. Baada ya hapo anarudi kwenye swali lake, ambalo kwa kawaida limeshabadilika kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, waliueneza mchoro wa mizunguko yenye hatua nne: panga, tenda, tazama, tafakari. Ufikirie kama ngazi za kuzunguka ndani ya mnara. Unapita upande uleule tena na tena, ila kila mara uko juu zaidi.

Kwa Kiswahili jambo hili lina majina kadhaa. Wapo wanaosema utafiti kwa vitendo, na jina hilo huwachanganya walimu kwa sababu "kwa vitendo" tumeshaizoea kwenye maabara na bustani ya shule. Nitatumia utafiti tendaji.

Majina si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba mwalimu akisikia neno "utafiti" anakumbuka chuo: sura tano, hojaji mia moja, na kichwa cha habari kirefu kama "Sababu za Wanafunzi Kufeli Hisabati katika Shule Tatu za Kata ya Fulani". Matokeo yake tunayajua kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Vitabu havitoshi, shule iko mbali, wazazi hawana mwamko, watoto hawajitumi. Inawezekana yote ni kweli. Lakini pitia orodha hiyo taratibu uone nani hayumo. Mwalimu hayumo. Ameorodhesha dunia nzima akajisahau mwenyewe, na kwa hiyo hakuna hata kipengele kimoja anachoweza kukibadili yeye Jumatatu asubuhi.

Hapo ndipo ninapoutofautisha utafiti tendaji na utafiti mwingine wote wa elimu. Swali lake lazima liwe na "mimi" ndani yake. "Kwa nini wanafunzi wangu hawashiriki?" bado ni lalamiko. "Ninapouliza swali, nampa nani nafasi ya kulijibu, na nampa muda gani?" hilo sasa linachunguzika, na mchunguzi ana uwezo wa kubadili kitu.

Wazo lenyewe halikuzaliwa shuleni. Anayetajwa zaidi kama mwanzilishi wake ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 akahamia Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyama ilikuwa adimu, na wakubwa walitaka akina mama wa Marekani wapike moyo na figo za ng'ombe, vitu ambavyo wengi wao hawakuvihesabu kama chakula. (Msomaji unayeamkia supu, wasamehe tu.) Lewin na wenzake waliwagawa akina mama hao katika makundi. Makundi mengine yalipewa mhadhara mzuri kuhusu virutubisho. Mengine yalikaa, yakajadiliana na kuamua yenyewe. Baadaye ilionekana kwamba waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu ndio waliojaribu kupika kitu ambacho hawakuwahi kukipika. Waliojadiliana na kuamua, asilimia 32. Mwaka 1946, katika makala kuhusu matatizo ya makundi ya walio wachache, Lewin alieleza aina ya utafiti inayokwenda pamoja na kitendo: unajifunza jinsi jambo linavyobadilika kwa kulibadilisha, ukiwa na watu wanaohusika.

Shule ziliuchukua mapema. Lakini walioupa uso tunaoujua leo walikuwa Uingereza. Mwaka 1967 Lawrence Stenhouse alianza kuongoza mradi wa mtaala ambamo vijana walijadili mambo yenye mvutano kama vita, ubaguzi na familia, naye mwalimu alitakiwa awe mwenyekiti asiyeegemea upande. Ni rahisi kusema, ni kazi nzito kutenda. Baadaye John Elliott, aliyefanya kazi kwenye mradi huo, alikusanya walimu wapatao 40 huko mashariki mwa Uingereza, wengi wao wakiamini kwamba tayari wanawaacha wanafunzi wagundue mambo wenyewe. Waliposikiliza kanda za vipindi vyao walikuta mengine. Kwa mfano, mwalimu akimaliza mjadala kwa kuuliza kama wote wanakubaliana, mwanafunzi mwenye wazo tofauti hunyamaza. Hata sifa za haraka haraka kama "vizuri sana" zilikuwa zikiwaambia wengine kwamba jibu limeshapatikana, hakuna haja ya kuendelea kufikiri. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilisikia kabisa sauti yangu: "Tumeelewana?"

Sasa tuingie darasani. Mfano ufuatao nimeutunga, na namba zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Mwalimu yeyote aliyefundisha darasa kubwa atauona ni wa kawaida.

Darasa la Tano, wanafunzi 84. Safu nne za madawati saba saba, kila dawati watoto watatu. Kipindi cha Sayansi, dakika 40. Mwalimu anahisi kwamba wanaozungumza ni walewale, lakini hisia peke yake haimtoshi. Anachora madawati yote 28 kwenye karatasi moja, anamwomba mwalimu mwenzake akae nyuma, na kila mwanafunzi anapojibu peke yake mwenzake anaweka alama mahali pake. Simu inarekodi sauti kutoka mezani.

Baada ya kipindi wanahesabu. Maswali 52 yameulizwa. Kati ya hayo, 19 yalijibiwa na darasa zima kwa sauti moja, ya aina ya "Do...?". Yaliyobaki 33 yalijibiwa na mtu mmoja mmoja, na 24 kati ya hayo yalijibiwa na watoto sita. Watano kati ya sita wanakaa madawati mawili ya mbele. Karatasi ina alama zilizosongamana upande wa juu, na chini yake ni nyeupe kabisa.

Usiku mwalimu anavaa spika za masikioni na kujisikiliza, zoezi ambalo halimpendezi mtu yeyote. Anapima kwa saa: tangu anapomaliza swali hadi anapofungua tena kinywa chake ni kama sekunde moja. Asijihisi mchawi. Mmarekani Mary Budd Rowe alipochunguza vipindi vya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970 alikuta walimu wengi wanasubiri sekunde moja tu au pungufu, na kwamba muda huo ukirefushwa kufikia sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka, "sijui" hupungua, na watoto wasiozoea kusema huanza kusema. Mwalimu wetu anasikia na jambo jingine. Wale sita wakijibu anasema, "Mpigieni makofi!" Wengine wakikosea anasema, "Kaa. Nani amsaidie?" Hakuwahi kujua kwamba anaisema sana hivyo.

Kesho yake anagawa vipande vya karatasi visivyo na majina: ukijua jibu lakini hunyooshi mkono, ni kwa nini? Wanaandika kwamba wanaogopa kuchekwa. Wanaandika kwamba kabla hujamaliza kufikiri mwenzako ameshajibu. Mmoja anaandika kwamba mwalimu hatazami huku. Sasa ana macho matatu yanayotazama jambo moja, yaani lake kupitia kinasa sauti, la mwenzake aliyekaa nyuma, na la wanafunzi. Kundi la Elliott lilitumia njia hiyohiyo, na sababu ni nyepesi: jicho la mwalimu pekee linaona somo lililoeleweka vizuri.

Mzunguko wa kwanza. Mwalimu anaandika majina 84 kwenye vijiti vya kuhesabia na kuvitia kwenye kopo la maziwa. Akiuliza, anachomoa kijiti. Habadili kitu kingine, maana akibadili matano kwa mpigo hatajua lipi limefanya kazi. Wiki inaisha, wanahesabu tena kipindi kimoja: watoto 31 tofauti wameitwa. Toka wasiozidi 15 hadi 31! Kama angekuwa anaandika ripoti ya kumfurahisha mkubwa, angeishia hapo.

Lakini mwenzake aliongeza alama ndogo ya duara kwa kila aliyesimama akanyamaza. Maduara ni 14. Karibu nusu ya walioitwa walisimama wakatazama sakafu, darasa likacheka, wakakaa. Kuna mtoto ambaye kopo likitoka tu anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Namba imepanda na hali imekuwa mbaya zaidi. Mimi naona hapa ndipo mwalimu anapojifunza kwamba kuitwa na kushiriki ni vitu viwili. Wanaoandika kuhusu mbinu shirikishi hupenda kuruka wiki kama hii, na kwa hiyo mwalimu mwenzao akijaribu na kukutana nayo anadhani yeye ndiye hafai.

Mzunguko wa pili. Vijiti vinabaki. Kinachoongezwa ni muda na mwenza: swali likiulizwa mwalimu anahesabu kimyakimya vidole vitano nyuma ya mgongo wake, kisha watoto watatu wa dawati moja wananong'onezana kwa nusu dakika, ndipo kijiti kinachomolewa. Aliyeitwa anaruhusiwa kusema "sisi tulisema...", si "mimi". Ile "nani amsaidie" inabadilishwa na "dawati lenu mliwaza nini?" Kipindi kinachohesabiwa baada ya wiki mbili kina walioitwa 18, walionyamaza 2. Mtoto wa chooni anabaki darasani.

Ila maswali yameshuka kutoka 52 hadi 21, na azimio la kazi limeanza kuachwa nyuma. Mwalimu asilifiche hili, aliandike. Silabasi ni deni la kweli na mtihani una tarehe. Kwa upande wangu ningechagua maswali 21, kwa sababu kati ya yale 52 mengi yalikuwa ya kumalizia neno. Lakini mwalimu mwenye darasa la mtihani anaweza kuamua kutumia kunong'ona kwa maswali manne magumu tu ya kila kipindi, na huo nao ni mzunguko wa tatu unaostahili kupimwa. Mwalimu wetu ameamua hivyo. Ameongeza na robo karatasi mwishoni mwa kipindi, ambapo kila mtoto anaandika sentensi moja ya alichokielewa. Kusoma 84 kila siku hakuwezekani, kwa hiyo anachomoa vijiti 12 na kusoma hizo 12. Kesho anachomoa 12 wengine.

Je, amethibitisha kwamba vijiti vinaongeza ushiriki? Hapana, na asidai hivyo. Anachojua ni kwamba katika darasa hili, kwa watoto hawa, kuitwa bila kupewa muda kuliwatisha, na kunong'ona kwanza kulipunguza hofu. Ukilihamishia kopo hilo Kidato cha Kwanza, ambako mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote anakutana na masomo kwa Kiingereza, ukimya una chanzo kingine. Anaweza kuwa na jibu lote kichwani akakosa maneno ya kulibebea. Huko kuchomoa kijiti ni adhabu. Mwalimu wa huko ajiulize lake, labda kwamba nikiwaacha wajadiliane kwa Kiswahili kwanza, wanaandika nini kwa Kiingereza baadaye?

Yapo pia maelezo mengine ya mabadiliko ambayo mwalimu anapaswa kuyashuku. Labda watoto walijikaza kwa kuwa kuna mgeni nyuma. Dawa yake ni mgeni huyo kukaa vipindi kadhaa bila kuhesabu chochote mpaka wamzoee. Labda mada ya wiki hiyo ilikuwa rahisi. Dawa ni kuacha mbinu mpya kwa siku chache na kutazama kinachotokea, kisha kuirudisha. Si ushahidi wa maabara. Unatosha kumfanya mwalimu aamue kesho afanye nini, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kuhusu maadili nitasema kwa ufupi kwa sababu si magumu, yanasahaulika tu. Mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu kirahisi, kwa hiyo kimya chake kisihesabiwe kuwa ridhaa. Mwalimu mkuu ajue, wazazi waelezwe, sauti iliyorekodiwa ifutwe kazi ikiisha, na picha za watoto zisionekane kwenye kundi la WhatsApp la walimu hata kama zimependeza.

Afrika Mashariki si mgeni wa fikra hii. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi vijijini kwa namna iliyowapa wanakijiji nafasi ya kuwa watafiti pia. Mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo ni tunda la wakati huo, na utafiti shirikishi unaofundishwa leo duniani una mzizi mmoja hapa kwetu. Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani uliwazoesha walimu kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Wajapani wenyewe wana desturi ya zaidi ya karne moja ambapo walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama wanafunzi, kisha wanakaa kulichambua. Tanzania kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na ndani yake Jumuiya za Ujifunzaji ambazo walimu wa shule moja wanakutana kujadili kazi yao.

Hizo jumuiya ndizo mahali pa utafiti tendaji panapowezekana zaidi, kwa kuwa mtu peke yake huchoka. Stenhouse alisisitiza kwamba uchunguzi huwa utafiti pale tu unapowekwa hadharani, na hadharani kwa mwalimu wa Darasa la Tano ni walimu tisa na chai. Hofu yangu ni moja tu. Siku ofisi itakapodai kila mwalimu awasilishe utafiti tendaji mmoja kwa muhula, kwa fomu yenye visehemu, tutavijaza. Tunajua kujaza.

Turudi kwa mwalimu wetu. Amebandika karatasi zake tatu za madawati ukutani, wenzake wanatazama alama zilivyosambaa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwalimu wa Hisabati, aliyekuwa kimya muda wote, ananyoosha kidole kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha. Mbona huyu hana alama hata moja, wala ya duara?

Mwalimu alikuwa amemhesabu miongoni mwa wapole. Wanafungua daftari la mahudhurio. Vipindi vyote vitatu vilivyohesabiwa vilikuwa vya Jumatano. Kijiti cha mtoto huyo kilitoka mara mbili, na mara zote mbili darasa lilijibu "hayupo", mwalimu akachomoa kingine. Jumatano ni siku ya gulio, na mama yake anauza dagaa. Gulio mwalimu hawezi kulihamisha. Atakwenda kuonana na mama huyo, na pengine mtendaji wa kijiji naye atahusishwa. Lakini akiangalia ratiba anaona kwamba ni yeye mwenyewe aliyezoea kuanza kila mada mpya Jumatano, kwa kuwa siku hiyo ana vipindi viwili mfululizo, halafu Alhamisi anafanya marudio. Anamuuliza mwalimu wa taaluma kama vipindi hivyo viwili vinaweza kusogezwa Alhamisi kuanzia wiki ijayo.